Ndugu wa Sita

Ndugu watano walikuwa wamepimwa kama wanaweza kumpa figo dada yao Sikudhani, na hakuna aliyelingana naye. Wa sita, Rehani, kitindamimba wao, alilingana. Kama ilivyokuwa kawaida ya hospitali ile, daktari alimwita peke yake na kufunga mlango.

"Figo ni yako. Unataka kumpa?"

Rehani alitazama viatu vyake. "Naogopa, daktari."

"Basi nitaandika kwamba hufai. Mgonjwa haambiwi zaidi ya hapo."

Karatasi ilikuwa na neno moja na muhuri. Aliipeleka mwenyewe wodini, ambako dada yake alikuwa amelala, damu yake ikizunguka katika mashine ya kuisafisha. Sikudhani aliisoma, akacheka.

"Hata figo yako ina choyo! Tangu utoto hujawahi kunimegea hata muhogo."

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Kwani umejiumba mwenyewe?" Alimshika mkono. "Nikwambie ukweli, mdogo wangu, jana sikulala. Niliogopa wakupasue, halafu ufe wewe nibaki mimi."

Rehani alilamba midomo.

"Midomo imekukauka," alisema Sikudhani. Alichukua chupa yake iliyotiwa alama ya kalamu kwenye nusu lita. Ndiyo maji yote aliyoruhusiwa kunywa siku hiyo. Alimimina kikombe kikajaa, akamnyooshea.

Rehani alikipokea kwa mikono miwili. Dada yake alimtazama, akisubiri anywe.