Kikombe Kimoja

Siku hizi Mzee Shaibu anaosha kikombe chake mwenyewe kila akimaliza chai. Mkewe, Bi Kazija, alimtazama kwa jicho la pembeni. Mwanamume aliyezeeka bila kujua sabuni inakaa wapi, leo anasugua hadi kitako cha kikombe?

"Baba Riziki, umenifichia mke wapi?"

"Nani atanitaka mimi?"

"Basi nani kakufundisha?"

"Najizoeza tu. Uji sasa naweza. Kesho unionyeshe kukuna nazi."

Bi Kazija akakumbuka hospitali alikopelekwa kupimwa, daktari alipomwomba yeye atangulie nje, mumewe abaki.

"Daktari alikwambia nini?"

Mzee Shaibu hakugeuka. Kikombe kilikwisha takata zamani, lakini aliendelea kukisuuza.