Kikopo cha Kalunde

Sheria ilitaka kila nyumba ya kando ya ziwa imtoe mtu mmoja wa kuishi na minyoo ya kichocho mwilini, ili dawa mpya zisikose mahali pa kujaribiwa. Huyo akipona, zamu humwangukia anayemfuata kwa umri. Kwa Nyamizi, aliyefuata alikuwa bintiye Sado, mwenye miaka tisa.

Basi dawa ya arobaini ilipofanya kazi, damu ikakatika kwenye mkojo na tumbo likaacha kumkata, Nyamizi hakumwambia mtu. Alimwendea jirani yake Kalunde, ambaye alipewa vidonge visivyo na dawa, vya kulinganishia tu, na bado alikojoa damu.

“Mwenzangu, nijazie hiki kikopo. Nina Sado, unajua.”

Kalunde alikipokea, akaingia chooni.

Kesho yake daktari aliinua uso kutoka kwenye darubini, amenywea.

“Mama Sado, mayai ya minyoo yamejaa tele. Tangu jana nimepima wanawake ishirini, hakuna hata mmoja aliyepona. Nitaandika dawa hii itupwe.”

“Itupwe kabisa, daktari?”

“Ya nini kuwasumbua bure? Mwezi ujao mtaanza nyingine.”

Nyamizi alikaribia kusema kweli. Akamkumbuka Sado, akaaga na kutoka.

Nje, wanawake waliobaki walikaa kwenye benchi, kila mmoja amefunika kikopo chake kwa kanga, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwishoni kabisa alikuwa Kalunde, anagugumia maji kwenye jagi, na kikopo chake mwenyewe bado kitupu.