Bastola ya Kumfaa Kendra

Wiki nzima wazee watatu walikuwa wanagombana kuhusu kiuno cha Kendra, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya.

"Ikikaa hapa ubavuni, aproni itaichora," alisema Hoyt, huku anajipigapiga mbavu. Alikuwa polisi wa kaunti, na tangu astaafu hajanyamaza. "Ndiyo maana nasema milimita tisa. Nyembamba, risasi kibao, teke dogo. Kesi imekwisha."

"Imekwisha kwa nani?" Arliss akaweka uma chini. "Tisa inamkasirisha mtu tu. Arobaini na tano ndiyo inamkalisha. Risasi nene kama kidole changu hiki! Ukimpiga nayo mtu, wanaanguka mpaka binamu zake."

"Na Kendra naye anaanguka, upande wa pili," akasema Delmer, daktari wa meno mstaafu, bila kuinua macho kutoka kwenye mayai yake. "Mpeni rivolva ndogo, thelathini na nane. Haikwami. Inakaa mfukoni na kalamu zake."

"Rivolva!" akadakia Arliss. "Wewe hata meno ulikuwa unang'oa kwa koleo la babu yako."

Mgahawa ulikuwa kando ya barabara kuu, nje kidogo ya mji, huko Oklahoma ambako upepo ndio mteja wa kudumu. Ulifungwa saa nane mchana. Mpishi akishaondoka, Kendra, mhudumu wao, alibaki peke yake kufagia na kufunga milango. Haikuwa shida, mpaka mume wake wa zamani, Randall, alipotoka jela na kuanza kuegesha pikapu yake nyeupe ng'ambo ya barabara. Haingii. Hasemi. Anakaa tu anatazama. Polisi walimwambia Kendra kwamba mtu kukaa ndani ya gari lake si kosa.

Basi asubuhi moja Kendra akasimama mbele ya meza ya wazee na birika la kahawa mkononi. "Wazee wangu, mngekuwa mimi, mngebeba nini?"

Tangu mke wake afariki, Arliss hakuwahi kuulizwa swali tamu kama lile.

Tatizo ni kwamba binti mwenyewe alikuwa mgumu kuridhika. Kila walipokaribia kuelewana, huyo hapo na birika lake. "Na kama nimevaa koti zito la baridi?" Hoyt, aliyekuwa ameshavaa kofia, akaivua. "Na kama niko kwenye gari na mkanda nimefunga?" Delmer akaagiza pai nyingine. Zamani saa nne asubuhi ilikuwa inawakuta ziwani, kila mtu na ndoano yake. Sasa walikaa mpaka mgahawa unafungwa, na ugomvi haukuishia humo. Waliutoa nje, kofia tatu zimezunguka gari la Kendra, mikono inapigapiga hewa, mpaka binti anawasha injini na kuondoka.

Hata Randall alikuwa anawasha gari lake na kwenda zake.

"Unaona?" Arliss alisema. "Hata mhalifu akisikia arobaini na tano, anakumbuka kwao."

Kisha, Alhamisi, walikubaliana.

Ilianza kwa Delmer kukiri kwamba rivolva yake ilishawahi kumtegua kifundo cha mkono, akiwa analenga kopo la maharage. Halafu Arliss, ambaye usiku kucha alikuwa anafikiria vile vidole vyembamba vya Kendra, akameza kiburi chake kama mkate uliolala.

"Haya. Tisa. Mungu anisamehe."

Hoyt akaruka akamkumbatia. "Miaka yote hii nasubiri neno hilo! Jumamosi tunampeleka duka la silaha la Buford. Twendeni, samaki wanatungoja!"

"Na kama nikitumia mkono wa kushoto?" Kendra akauliza haraka.

"Tisa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Tisa, binti yangu! Tisa jua, tisa mvua, tisa mpaka theluji!"

Wakacheka, wakaelekea mlangoni. Arliss akachelewa makusudi. Alitaka kumnong'oneza Kendra kwamba amekubali mdomoni tu, moyoni bado ni mtu wa arobaini na tano. Akamkuta nyuma ya kaunta, ameinamia mkoba wake, anatafuta funguo za kufungia. Kati ya kitana na kikopo cha mafuta ya midomo kulikuwa na bastola. Milimita tisa. Mpini wake ulikuwa umechubuka rangi, vile kitu kinavyochubuka kikizoeana na mkono mmoja.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu, mzee Arliss." Hakuificha. "Baba alinipa nilipotimiza miaka ishirini na moja. Na mimi sikosi."

Arliss akafungua mdomo aulize la pili. Lakini Kendra hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara pikapu nyeupe ilikuwa inaegesha. Upande huu, Hoyt alikuwa ameshafungua mlango wa gari lake, na Delmer anapakia ndoano.

Arliss akakumbuka yale maswali yake yote, la koti, la mkanda, la mvua, akausukuma mlango mpaka kengele yake ikaruka.

"Hoyt! Delmer! Rudini ndani, wajinga nyie! Nimebadilisha mawazo. Tisa haiui hata panzi!"

"Umesemaje wewe?" Hoyt akafoka kutoka uwanjani, na kofia ilikuwa imeshavuliwa kabla hajafika mlangoni.