Bangili ya Bi Nakunda

Tangu itoke sheria ya shingo, kila aliyefikiwa na zamu haruhusiwi kujitwika ndoo wala kubeba mtoto mpaka zahanati impime mishipa ya fahamu. Unavishwa bangili yenye jina lako, unabandikwa waya mikononi na kichwani, na mashine inapima umeme unavyopita shingoni.

Bi Nakunda vidole vilikuwa vikifa ganzi. Kwa kuogopa kunyimwa mjukuu, akambembeleza mkamwana wake, Elinipa, ambaye zamu yake ilikuwa bado, avae bangili ile akapimwe badala yake.

Jibu likaja kwa jina la Bi Nakunda: ishara zinachelewa, uti wa mgongo umebanwa shingoni, asibebe kitu, awahi hospitali.

Elinipa akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, mashine ina akili! Nimekaa mimi, imekuona wewe!"

Bi Nakunda hakucheka. Bangili ni jina tu. Waya zilikuwa mwilini mwa Elinipa. Akamtazama anavyohangaika kumfunga mtoto vifungo vya shati, kimoja kikimponyoka mara tatu.

"Vifungo vya siku hizi navyo!" Elinipa akalalamika.

Bi Nakunda akisema kweli, wote wawili watakatazwa kumbeba mtoto.

"Nifungie mtoto, mama, nikachote maji." Elinipa akainama.

Bi Nakunda akamweka mtoto mgongoni, akazungusha kanga.

"Mbona leo mzito hivi?"

"Anakua," Bi Nakunda akajibu, akakaza fundo.