Ngoma Kwenye Kona ya Kitanda

"Hodi! Nani anaiua ngoma humu?"

Mgeni aliingia kabla ya kukaribishwa. Alikuwa mwimbaji wa besi katika kwaya ya Bukene, akisubiri treni ya mchana, na mlio mwembamba wa gramafoni ya Kasimiri ulikuwa umemkera kutoka barabarani.

Kasimiri alimweleza shida yake. Bibi yake, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alikuwa anarudi Bukene kwa treni hiyohiyo, na Kasimiri alikuwa amemwahidi kwamba hataondoka bila kuisikia ngoma ya ujana wake kwenye santuri.

"Mume wangu," bibi, aliyeketi karibu na gramafoni, alimtania mjukuu wake, "mbu nimemsikia. Ngoma iko wapi?"

"Isogeze kwenye kona," mgeni alisema. "Kanisani sisi wa besi tunasimama konani, kuta zinatusaidia kunguruma."

Chumba kilikuwa kidogo, na kona pekee iliyofaa ilikaliwa na kitanda cha harusi ya Kasimiri ya Jumamosi. Kasimiri alikuwa amekijenga humohumo, miguu yake ikachimbiwa sakafuni. Kamba za katani zilikuwa bado zinanukia upya.

"Tukitoe," mgeni alisema.

"Hakitoki bila kukatwa."

"Na bibi harusi atalala wapi?" mgeni aliuliza.

Kasimiri alizipapasa zile kamba, akachukua shoka.

Gramafoni ilipotulia konani, ukuta ulianza kutetemeka. Bibi aliubandika kiganja, akafumba macho.

"Ehee! Sasa huyu ni mwanamume," alisema, na mabega yake yakaanza kucheza.