Siku Tisini Bila Bismillahi

"Dini yako uliichagua lini, mama?" karani aliniuliza.

"Nimezaliwa nayo."

"Basi hukuichagua." Akanivalisha bangili. Sheria inataka kila mtu awe na imani aliyoichagua mwenyewe. Aliyerithi akae siku tisini bila dini yoyote, kisha achague. Bangili inasikiliza, ukitamka neno la dini, siku zinaanza upya.

Mume wangu, Jabiri, alipitishwa na karani kwa dakika mbili tu. Zamani alikuwa Gaspari, akasilimu ili anioe, kwa hiyo ana cheti na tarehe. Mimi niliyemfundisha kutawadha ndimi nisiye na dini!

Siku ya kumi na moja nilifunua sufuria ya wali, nikasema bismillahi. Bangili ikalia: tisini. Siku ya arobaini nikapiga chafya, alhamdulillahi ikanitoka yenyewe. Tisini! Jirani akaniuliza kama nitakwenda arusini, nikamjibu inshallah. Tisini tena!

"Nyamaza tu, mke wangu," Jabiri alisema, akitandika mswala wake.

Nikanyamaza. Nilipika kimya, nikala kimya, hata msibani nikampa mfiwa mkono bila neno.

Leo mchana bangili imefunguka. Karani akapiga simu: "Hongera, mama. Sasa uko huru kuchagua."

"Ileile! Andika ileile, wali wangu unaungua!"

Nikakimbilia jikoni, nikapakua, nikaanza kula kwa hasira. Sahani ilikuwa imefika nusu nilipoona Jabiri ananitazama, tonge lake bado mkononi.

"Mwanahawa," akasema taratibu, "hujapiga bismillahi."