Umeme wa Bibi Sekela

Mtaani kwetu umeme humfuata anayezalisha. Kila nikivuka lengo la sare za shule, cherehani zangu huongezewa umeme, na huo hukatwa kwenye nyumba isiyozalisha kitu. Nyumba hiyo ni ya jirani yangu, Bibi Sekela, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Mkaa ni marufuku, kwa hiyo kwake hata jiko huzimika.

Simu yangu hunionyesha umeme umetoka kwa nani. Yake haimwambii umekwenda wapi.

Ijumaa nilivuka lengo tena. Nikapika wali na maharage kwa umeme wake, nikampelekea kwenye hotpoti. Nilimkuta amejifunika blanketi kitini, na baridi ya Mbeya ilikuwa kali.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Nadhani nyaya zangu zimechoka. Fundi naye simwoni."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Atakuja tu, bibi."

Asubuhi akanirudishia hotpoti. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mara zote aliweka ndizi au mayai. Safari hii kilikuwa chepesi. Nilipofungua nikakuta balbu ya taa ya sebuleni kwake, ameiviringisha kwenye kitambaa safi.

"Kwangu haina kazi," alisema. "Wewe unashona mpaka giza linaingia. Usije ukaharibu macho."

Nikamshukuru. Alipoondoka nikaifunga juu ya cherehani, nikabonyeza swichi.

Iliwaka vizuri.